Mama Kwanza Atoka Getini

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, kengele ya alasiri itakapolia, dereva wetu wa uwanjani, ambaye kiwanda kizima kinamwita Mama Kwanza, atakabidhi funguo na kustaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Anaondoka katika mwaka ambao kampuni yetu imetimiza miaka arobaini na kutoa aina tatu mpya za magari kwa mpigo. Wahariri wa jarida hili wameniomba mimi, mkaguzi wa taa na honi, niandike machache kumhusu, kwa kuwa nimekuwa jirani yake kikazi muda mrefu. Mimi ndiye mtu wa mwisho kuligusa gari kabla halijashuka kwenye mstari wa kuunganishia, na yeye ndiye anayelipokea. Machache yamenishinda. Mtanivumilia.

Kwa walioajiriwa juzijuzi, ambao bado wanapotea kati ya idara ya rangi na kantini, kazi yake ni hii. Gari likishakamilika, viti vikiwa bado vimevikwa nailoni, hutiwa petroli kidogo, kisha mtu mmoja hulipitisha kwenye njia ya matuta asikilize kama kuna kitu kinagonga. Halafu hulipeleka kwenye chumba cha maji aone kama linavuja, na mwisho hulipanga uwanjani pamoja na wenzake lisubiri mnunuzi. Kwa maneno mengine, gari likizaliwa, kuna mtu wa kulishika mkono linapopiga hatua zake za mwanzo. Ukiliona mtaani gari lenye nembo yetu, hata kama limechakaa na milango yake inafungwa kwa kamba, kuna uwezekano mkubwa kuwa safari yake ya kwanza duniani ilikuwa mikononi mwa mwanamke huyu.

Watu wengi hudhani jina lake limetoka hapo. Halikutoka hapo. Kila dereva mpya aliyepita kwake alipokelewa kwa maneno yaleyale: “Kwanza mkanda. Kwanza vioo. Kwanza mtazame aliye nyuma yako.” Mmoja wao, ambaye leo ni msimamizi wa zamu na amenisihi nisimtaje, alijikaza siku moja akauliza, “Sasa mama, katika hizo, ya kwanza ni ipi?”

“Zote,” akajibiwa, na somo likaendelea. Kufikia saa ya chai jina lilikuwa limeshika.

Mama Kwanza ana kabati ambalo ndani yake mna kila kitu mlichowahi kusahau chini ya viti vya magari. Mna spana za kutosha kufungua gereji. Mna kofia, bakuli la chakula na kijiko chake, na kiatu kimoja cha kushoto ambacho mpaka leo hakuna aliyejitokeza kukidai, ingawa mwenyewe lazima alirudi nyumbani anachechemea. Miwani yangu pia ilikutwa humo, baada ya mimi kuwa nimeshamnunia shemeji yangu wiki nzima nikidai ameikalia.

Ipo pia habari ya paka. Paka mmoja wa uwanjani alijipenyeza kwenye gari ambalo dirisha lake lilibaki wazi, akazalia kwenye kiti cha nyuma. Gari lilikuwa limeshauzwa na lori la kulichukua lilikuwa limefika. Mama Kwanza alisimama mbele ya boneti akamwambia mkuu wa mauzo kwamba gari hili lina abiria, na abiria hawajafumbua macho. Mkuu wa mauzo alinung'unika, akapiga simu, akanung'unika tena, mwishowe likaondoka gari jingine la rangi ileile. Mmoja wa wale watoto wa paka alikwenda kuishi nyumbani kwa mkuu wa mauzo. Hilo aliliomba mwenyewe.

Lakini kazi yake kubwa mnaikanyaga kila siku bila kujua. Ile mistari ya manjano uwanjani, njia ya waenda kwa miguu kutoka lango la karakana hadi kantini, ni yeye aliyeiomba, mkutano baada ya mkutano, mpaka wakubwa wakachoka kumsikia wakampa rangi. Aliichora pamoja na mafundi wa idara ya rangi, akiwa amefunga kitambaa kichwani na madoa ya manjano yamemjaa hadi kwenye viwiko. Watu walicheka wakati ule. Walisema hapa ni kiwandani, si njia panda ya mjini. Tangu mistari ile ichorwe, hakuna mfanyakazi aliyewahi kugongwa na gari uwanjani kwetu. Nimemuuliza mhudumu wa zahanati ya kiwanda ili nisije nikaandika kwa kukumbuka tu, naye amethibitisha: hakuna hata mmoja.

Jambo moja tu juu yake lilitushinda kulielewa. Mwanamke huyu, aliyeendesha karibu kila gari tulilolitengeneza, hakuwahi kuendesha hata moja nje ya geti. Alikuja kazini kwa basi la wafanyakazi na kurudi kwa basi la wafanyakazi, kiti cha nyuma ya dereva, na kila basi lilipokaribia kona mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu kana kwamba pana breki. Kampuni ilipotimiza miaka ishirini na mitano aliombwa aongoze msafara wa magari hadi mjini, akasema kichwa kinamuuma. Wengine wakasema anaringa. Yeye akaendelea kupanda basi lake, na sisi tukasahau.

Mwaka huu mkurugenzi alimwita tena. Msafara wa miaka arobaini ulikuwa unakuja: kigari kidogo cha bluu kitangulie, lifuate gari la familia, na pikapu nyuma, kutoka kiwandani hadi uwanja wa michezo wa mjini. Mkurugenzi alitaka anayestaafu ndiye awe mbele. Safari hii Mama Kwanza hakusingizia kichwa. Alieleza. Ameniruhusu niyaandike hapa, kwa sharti kwamba nisiyatie chumvi.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu. Ndiye aliyemfundisha kuendesha, kwenye kiwanja cha shule siku za Jumapili, kwa gari la kuazima la kaka yake. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, bado wa kubebwa mgongoni, jioni ile mwalimu alipogongwa na lori lisilo na taa kwenye daraja la kuingilia mjini. Alikuwa anarudi nyumbani. Hakufika.

Siku za msiba, mama mkwe wake alimshika mikono yote miwili mbele ya wanawake waliokuja kumfariji. “Mkwe,” alimwambia, “barabara imenichukulia mtoto. Usinifanye nikae tena kwenye mkeka huu kwa ajili yako. Niahidi hutashika usukani barabarani.” Akaahidi. Nani angekataa?

Mwaka uliofuata kiwanda kilitafuta dereva wa uwanjani. Alikwenda kwa mama mkwe na kumweleza kwamba magari hayo hayatoki nje, yanazunguka ndani ya ukuta. Yule mama alilala na neno hilo, na asubuhi akatoa jibu: ndani ya ukuta, sawa. Basi akaja kwetu. Wakaishi pamoja, wajane wawili katika nyumba moja, wakamlea mtoto, ambaye leo ni muuguzi, na ahadi ile haikuvunjwa hata kwa safari ya kwenda dukani.

Mkurugenzi aliposikia hayo alisema atakwenda mwenyewe kuzungumza na huyo mama. Akaniomba tufuatane, labda kwa kuwa nina umri wa kuitwa mzee mahali pa watu. Tulipokelewa vizuri. Sebule ilikuwa ndogo na imefagiliwa, viti vimefunikwa vitambaa vya kufuma, na Bibi, yaani mama mkwe mwenyewe, ameketi wima karibu na dirisha, fimbo yake imelazwa mapajani. Chai ililetwa. Mkurugenzi akasifu chai, akaisifu nyumba, halafu akaeleza habari za maadhimisho, za magari matatu mapya, za mikanda ya kisasa na breki za kisasa. Alieleza vizuri sana. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

“Magari yenu ni mazuri, baba,” alisema. “Nayaona yakipita hapo nje. Sina ugomvi na magari yenu. Ugomvi wangu ni na barabara.”

“Nimekuelewa, mama,” mkurugenzi akasema.

“Sijui kama umenielewa. Una watoto?”

“Ninao wawili.”

“Basi utanielewa. Kunywa chai, inapoa.”

Tulikunywa. Mama Kwanza alitusindikiza hadi barazani na kumwambia mkurugenzi atafute dereva mwingine, tena asijisikie vibaya. Hakuwa na kinyongo usoni. Ila siku zilizofuata nilimwona akikifuta kile kigari cha bluu mwenyewe, kazi ambayo si yake, akirudia kioo cha mbele hata kilipokwisha kung'aa. Dereva aliyechaguliwa kushika nafasi yake alikuwa kijana makini, na Mama Kwanza ndiye aliyemfundisha njia. Alimtajia kila shimo, kila tuta lisilo na alama, mahali ambapo watoto wa shule huvuka bila kutazama, na pale ambapo jua la alasiri humpiga dereva machoni. Njia yote aliijua kwa moyo kutoka kwenye kiti kile cha nyuma ya dereva wa basi. Kijana alimsikiliza, kisha akaniambia faraghani kwamba anajiona kama mtu aliyevaa nguo ya mwenzake.

Wiki ya maadhimisho ilianza kwa siku ya familia, siku ambayo wafanyakazi huja na watu wao kuona kazi inavyofanyika. Kwa miaka yote Bibi hakuwahi kukanyaga kiwandani. Safari hii alikuja. Mjukuu wake muuguzi alimleta kwa basi, nasi tukamtafutia kiti cha plastiki kwenye kivuli cha paa la kupokelea magari, pale ninapokaa mimi. Mama Kwanza alikuwa kazini na sare yake, akionyesha wageni gari linavyotoka mstarini.

Bibi alitazama muda mrefu. Aliona mkwe wake akiingia garini, akigusa vioo, akisimama kabisa kwenye mistari ya manjano ingawa hapakuwa na mtu anayevuka ila mtoto mmoja aliyekuwa mbali bado na hajaamua kama anavuka. Magari yakaja, yakaenda. Mwishowe Bibi akanigeukia.

“Midomo yake inacheza. Anaongea na nani mle ndani?”

“Anaongea na gari, mama.”

“Analiambia nini?”

“Analiambia kwanza mkanda. Kwanza vioo. Ndivyo anavyomfundisha kila mtu hapa. Hata jina tumempa hilo, Mama Kwanza. Hakukueleza?”

Bibi alishika fimbo kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo. Nilidhani jua limemfikia, nikaanza kusogeza kiti.

“Hayo ni maneno ya mwanangu,” alisema. “Alikuwa anasema hivyo tangu mdogo. Ukimwita kula: kwanza mikono. Ukimtuma dukani: kwanza viatu. Nilikuwa namcheka.” Akarudisha macho kwa mkwe wake. “Sijayasikia tangu tumzike. Nyumbani mkwe wangu hayasemi.”

Nilipomweleza Mama Kwanza baadaye, aliniambia kwamba ni kweli, nyumbani hakuyasema kamwe. Aliogopa kumtonesha. Mwenyewe aliyasema uwanjani, garini, vioo vikiwa vimefungwa, na hakujua kama alikuwa anaendesha gari au anazungumza na mumewe. Yote mawili, nadhani.

Gari liliporudi, Bibi alinyanyuka. “Mwambie anipakie.”

Tukamkalisha kiti cha mbele cha kile kigari cha bluu. Nami nikaingia nyuma, kwa sababu fimbo haikupata pa kukaa na mtu ilibidi aishike. Mama Kwanza alimfunga mkanda mkwewe kwa mikono yake. Tukazunguka uwanja, taratibu, tukapita njia ya matuta, tukapita mbele ya kantini ambako wapishi walitoka kupunga mikono. Mzunguko wa pili tulipokaribia geti, Mama Kwanza akaanza kukata kona kama siku zote.

“Mbona unageuka?” Bibi akauliza.

“Hapa ndipo mwisho wangu, mama.”

“Nani kasema?”

Gari likasimama. Mama Kwanza alitazama usukani. “Wewe, mama.”

“Ni kweli, nilisema mimi.” Bibi alikuwa anatazama mbele. “Niliogopa, mkwe. Mtu akiogopa husema. Umeyabeba maneno yangu muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Sasa nasema mengine. Mwambie yule askari afungue.”

Hapo ningependa kuandika kwamba geti lilifunguka. Askari wetu wa getini alikuja hadi dirishani, akaamkia kwa heshima, akatazama mbele ya gari, akatazama nyuma.

“Shikamoo, bibi. Gari hili halina namba.”

“Marahaba. Lina magurudumu?”

“Linayo, bibi. Lakini halijasajiliwa. Bila namba halitoki hapa, hata angekuwemo mkurugenzi.”

Bibi alimkagua kuanzia kofia hadi viatu. “Una mama, wewe?”

“Ninaye.”

“Amekulea vizuri. Hivyohivyo ndivyo inavyotakiwa.” Akamgusa mkwewe mkono. “Geuza. Tutarudi likiwa na namba.”

Siku ya msafara namba zilikuwepo, nyeupe, zimefungwa tangu jana yake. Yule kijana aliyekuwa aendeshe alikabidhi ufunguo kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha. Mkurugenzi alikuwa amepangiwa kiti cha mbele cha gari la kwanza, lakini alipofika alimkuta Bibi ameshakaa, mkoba mapajani, kitambaa kipya kichwani, hana habari na mtu. Mkurugenzi wetu ni mtu mwenye akili. Alikwenda kupanda nyuma ya pikapu akasimama na vijana wa idara ya injini, na watu wanasema hajawahi kuonekana mchangamfu vile. Mimi nilirudi kwenye nafasi yangu ya kushika fimbo.

Geti lilifunguliwa. Askari alipiga saluti. Gari halikuondoka. Niliona mkono wa Mama Kwanza kwenye gia, umeikamata kwa nguvu kama wa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nyuma yetu honi moja ililia, nikaitambua, ni ya gari la familia, nilikuwa nimeijaribu mwenyewe.

“Kwanza mkanda,” Bibi akasema.

“Nimeshafunga, mama.”

“Kwanza vioo.”

Mama Kwanza akatazama kioo cha kulia, cha kushoto, cha juu. Alivuta pumzi. Kisha tukatoka.

Mtu aliyeendesha ndani ya ukuta maisha yake yote, barabara lazima imwonekee pana. Alikwenda polepole. Watu walisimama kando wakishangilia, naye hakuwatazama. Macho yake yalikuwa kwenye shimo alilolijua, kwenye tuta lisilo na alama, mahali pa watoto wa shule, ambapo kweli watoto walikuwepo, naye akasimamisha msafara mzima wa miaka arobaini ili wavuke. Halafu barabara ikainama, na tukaliona daraja.

Hakuna njia nyingine ya kuingia mjini. Wote tulijua tangu mwanzo, na hakuna aliyelitaja.

“Ni hapa,” Bibi alisema.

“Ndiyo, mama. Ni hapa.”

Bibi aliteremsha kioo. Akautoa mkono wake nje, kiganja wazi, akauacha upepo uupige tangu mwanzo wa daraja hadi mwisho. Mama Kwanza alikuwa analia bila sauti na gari halikuyumba hata kidogo. Mimi nilitazama ile fimbo, kwa kuwa sikujua nitazame wapi kwingine.

Tulipofika ng'ambo Bibi alirudisha mkono ndani na kupandisha kioo.

“Twende, mwanangu,” alisema.

Miaka yote alikuwa akimwita mkwe. Mama Kwanza alipangusa shavu kwa bega, maana mikono ilikuwa kazini, akabadili gia. Tukaingia mjini.

Yaliyotokea uwanja wa michezo mtayasoma kurasa nyingine za jarida hili: hotuba, picha, na magari matatu yakipepewa kama maharusi. Mimi nasema tu kwamba msafara uliporudi jioni, Bibi alikataa kupanda basi.

Wenzangu, tunampoteza dereva ambaye hakuna gari lililotoka mikononi mwake na mkwaruzo. Tunampoteza mwalimu wa madereva wote tulio nao, na mlinzi wa viatu vyenu vya kushoto. Kwa niaba ya idara zote, kuanzia mafundi wa bodi hadi wapishi wa kantini, Mama Kwanza, tunasema asante. Umetutunza, nasi tulidhani unatunza magari.

Amejinunulia kigari kidogo, cha bluu, aina ileile. Safari yake ya kwanza ya ustaafu imeshapangwa: anampeleka Bibi akamwone mdogo wake, anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa, na ambaye kwa miaka mingi Bibi amezungumza naye kwa simu tu. Afya njema iwe nao, na barabara iwapokee kwa upole. Na nyinyi mnaosoma, mkikuta njiani gari la bluu linakwenda taratibu, na ndani yake bibi kizee anaonyesha kushoto kwa kidole wakati gari linakata kulia, msipige honi. Wapisheni tu. Wana mengi ya kuongea.